Filamu za matamasha ya kale: je, kuzifufua kuna faida?

Mnamo Septemba 1974, kwa siku tatu mfululizo, wapigapicha wa filamu walinasa muziki uliopigwa katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa. Miongoni mwa waliopanda jukwaani walikuwa James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na bendi yake ya TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau na Abeti Masikini. Watazamaji wa sinema walisubiri hadi mwaka 1996 kuona sehemu ya picha hizo, na hadi mwaka 2008 kuona filamu inayolihusu tamasha lenyewe. Mkusanyo rasmi wa nyimbo za wanamuziki wa Kiafrika walioshiriki ulitoka mwaka 2017, miaka 43 baada ya tamasha.

Historia ya picha hizo inaonyesha ugumu wa swali ambalo hifadhi nyingi za redio, televisheni na filamu zinajiuliza: je, kuzikarabati na kuzitoa upya picha za matamasha ya zamani ni kazi inayolipa? Mifano inayofahamika zaidi inaonyesha kwamba tiketi za sinema peke yake mara nyingi haziwezi kubeba gharama zote. Inaonyesha pia kwamba kikwazo kikubwa si uchakavu wa filamu pekee, bali ni hati za umiliki, na kwamba kila mwaka wa kusubiri huongeza gharama.

Tamasha la Zaire 74

Tamasha hilo, lililojulikana kama Zaire 74, liliandaliwa na mwanamuziki wa Afrika Kusini Hugh Masekela pamoja na mtayarishaji wa Kimarekani Stewart Levine. Lilikusudiwa kusindikiza pambano la ndondi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, ambalo serikali ya Rais Mobutu Sese Seko ililigharimia ili kuitangaza nchi yake. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5.

Siku chache kabla ya pambano, Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Pambano likaahirishwa hadi Oktoba 30, lakini tamasha likaendelea kama lilivyopangwa, kuanzia Septemba 22 hadi 24. Wageni kutoka ng'ambo waliotarajiwa kununua tiketi hawakuja kwa wingi. Katika usiku wa mwisho milango ilifunguliwa kwa wakazi wa Kinshasa bila malipo, na uwanja ukajaa. Kwa upande wa muziki, huo ulikuwa ushindi. Kwa upande wa hesabu, mapato yaliyotegemewa yalikuwa yamekwisha kupotea.

Mwongozaji wa filamu Leon Gast alikuwa ameajiriwa kupiga picha za tamasha hilo, kwa fedha zilizotoka kwa wawekezaji wa Liberia. Fedha zilipokatika, kazi ilisimama, na haki za umiliki zikawa mzozo wa kisheria. Ilimlazimu Gast kutumia miaka mingi kupata haki ya kuzitumia picha alizozipiga yeye mwenyewe.

Hatimaye, mwaka 1996, picha hizo zilitoka katika filamu iitwayo When We Were Kings. Hata hivyo, haikuwa tena filamu ya tamasha. Ilikuwa hadithi ya Muhammad Ali, iliyoongezewa mahojiano mapya, huku muziki ukibaki pembeni. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi, na katika majumba ya sinema ya Marekani ilikusanya takriban dola milioni 2.8. Kiasi hicho ni kikubwa kwa filamu ya aina hiyo, lakini kwa kawaida karibu nusu ya fedha za tiketi hubaki kwa wenye majumba ya sinema. Kinachosalia ndicho hugawanywa kati ya msambazaji, wawekezaji na wenye haki mbalimbali.

Mwaka 2008 mmoja wa wahariri wa filamu hiyo, Jeffrey Levy-Hinte, alirudi katika mizigo ileile ya filamu na kutengeneza Soul Power, iliyolenga muziki. Filamu hiyo ilionyeshwa katika majumba machache. Yaliyopigwa katika siku tatu za mwaka 1974 yalikuwa yametoa filamu mbili, lakini katika zote mbili nafasi kubwa ilikuwa ya wageni kutoka Marekani.

Gharama ziko wapi

Watu wengi hudhani kwamba kukarabati filamu ni kuisafisha tu na kuipitisha katika mashine. Kazi yenyewe ni ndefu zaidi. Filamu hupita mbele ya lenzi kwa picha 24 kila sekunde, kwa hiyo saa moja ya filamu ina picha 86,400. Kila moja inapaswa kusomwa na skana, kusawazishwa rangi na kuondolewa mikwaruzo. Kwa ubora wa juu unaotumiwa katika sinema, faili za saa moja zaweza kuzidi terabaiti 4, na hifadhi makini huweka nakala zaidi ya moja, tena mahali tofauti.

Hali ya malighafi huongeza au kupunguza gharama hizo. Filamu za asetati zilizohifadhiwa kwenye joto na unyevu huoza na kutoa harufu kali ya siki. Zikifikia hatua hiyo hujikunja na kusinyaa. Kanda za sumaku, zilizotumika kwa sauti na video, nazo zina maradhi yake. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu na kuwa yenye kunata, hata baadhi ya kanda hulazimika kupashwa moto wa wastani kwa saa kadhaa kabla ya kuchezwa tena. Aidha, mashine za kuzichezea kanda hizo hazitengenezwi tena, na mafundi wanaozifahamu wanapungua. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walitoa tahadhari kuhusu hatari ya kupotea kwa kanda za sumaku duniani.

Filamu ina faida moja juu ya video. Ikiwa imetunzwa, inaweza kusomwa upya kwa ubora unaopita ule ulioonekana wakati ilipopigwa. Video ya zamani haina akiba hiyo: kilichorekodiwa ndicho kilichopo.

Gharama ya pili, ambayo mara nyingi huipita ya kwanza, ni haki. Wimbo mmoja uliopigwa jukwaani unaweza kuwa na wenyewe wengi: mtunzi na mchapishaji wake, mwimbaji, kampuni iliyokuwa na mkataba naye wakati huo, mwenye rekodi ya sauti, na mwenye picha. Mmoja wao akikataa, wimbo hukatwa. Ikiwa amefariki, warithi lazima watafutwe na wakubaliane. Tamasha la wanamuziki kumi linaweza kudai makubaliano kwa makumi.

Mifano kutoka Marekani

Majira ya kiangazi ya mwaka 1969 yanatoa mlinganisho mzuri. Tamasha la Woodstock lilifanyika Agosti, na filamu yake ikatolewa Machi 1970, miezi saba tu baadaye. Iligharimu takriban dola 600,000 na kuingiza takriban dola milioni 50 nchini Marekani. Ilikuwa ya wakati wake, na kampuni kubwa ya filamu ilikuwa nyuma yake.

Katika majira hayohayo, Hal Tulchin alipiga video za Tamasha la Utamaduni la Harlem, jijini New York, ambako Stevie Wonder, Nina Simone, Mahalia Jackson na B.B. King walitumbuiza. Alirekodi takriban saa 40. Mbali na vipindi vichache vya televisheni vya wakati huo, kanda hizo zilikaa karibu miaka 50 bila kupata mnunuzi, na Tulchin alifariki mwaka 2017 kabla ya kuona matokeo. Mwaka 2021 filamu ya Summer of Soul, iliyoongozwa na mwanamuziki Questlove, iliuzwa katika tamasha la filamu la Sundance kwa bei iliyoripotiwa kuzidi dola milioni 12, kisha ikashinda Oscar mwaka uliofuata.

Bei hiyo inahitaji kueleweka vizuri, kwani haikutokana na tiketi. Ililipwa kwa ajili ya sinema na, zaidi, kwa ajili ya jukwaa la kutazamia filamu mtandaoni, ambalo hununua filamu ili kuvuta na kubakisha waliojisajili. Ushindani wa majukwaa hayo ndio ulioipandisha thamani. Mwenye hifadhi anayetarajia bei kama hiyo kwa kila kanda aliyo nayo atakuwa anahesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa.

Mfano wa tatu ni Amazing Grace ya Aretha Franklin. Mnamo Januari 1972 aliimba nyimbo za injili kwa usiku mbili katika kanisa moja mjini Los Angeles. Albamu yake ilitoka mwaka huohuo na kuuza zaidi ya nakala milioni 2 nchini Marekani. Filamu haikutoka. Wapigapicha hawakuwa wametumia ubao wa kupatanisha picha na sauti mwanzoni mwa kila kipande, na kwa teknolojia ya wakati ule kazi ya kuvioanisha ilishindikana. Miongo kadhaa baadaye kompyuta zilitatua tatizo hilo, lakini Franklin alikwenda mahakamani kuzuia filamu isionyeshwe. Ilitolewa baada ya kifo chake cha mwaka 2018, kwa ridhaa ya familia, na ikakusanya zaidi ya dola milioni 4 katika majumba ya sinema ya Marekani. Fundi alikuwa ameimaliza kazi yake mapema. Ridhaa ndiyo iliyochelewa.

Faida isiyoonekana kwenye tiketi

Kutokana na mifano hiyo, mapato ya filamu iliyofufuliwa hutoka kwenye mifereji mingi midogo. Baadhi hutoka katika uuzaji wa haki kwa televisheni na majukwaa ya mtandaoni. Mengine hutoka kwa watengenezaji wa filamu nyingine wanaonunua sekunde au dakika chache. Mengine hayaonekani kabisa kwenye hesabu ya filamu, kwa sababu huja kama ongezeko la wasikilizaji wa nyimbo za zamani za msanii, na fedha hizo huenda kwa mwenye nyimbo, si kwa aliyelipia ukarabati.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Anayetumia fedha na anayevuna mara nyingi si mtu mmoja. Pasipo mkataba unaowaunganisha, hifadhi itapata hasara hata kama filamu imependwa. Wanamuziki nao wanaweza kukosa mrabaha huku picha zao zikisambaa duniani kote.

Ufaransa ilichagua njia ya kitaifa. Taasisi yake ya hifadhi ya sauti na picha, INA, iliyoanza kazi mwaka 1975, hutunza kumbukumbu za redio na televisheni za umma, huuza vipande kwa watengenezaji wa vipindi na huendesha huduma ya watazamaji wanaolipia. Serikali inabeba mzigo wa utunzaji, na mauzo huchangia sehemu yake. Haitarajiwi kwamba kila mkanda ujilipie.

Hali katika ukanda wetu

Katika Afrika Mashariki na Kati, tatizo huanza na kile kilichorekodiwa. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Ndiyo maana bendi za Dar es Salaam na Morogoro za miaka ya 1960 na 1970, kama Nuta Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zimebaki zaidi kama sauti katika kanda za iliyokuwa Radio Tanzania kuliko kama picha. Kongo ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1966. Vituo vingi duniani pia vilikuwa na desturi ya kufuta kanda ili vizitumie tena, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali.

Hivyo picha chache zilizopo za Franco, aliyefariki mwaka 1989, au za Abeti Masikini, aliyefariki mwaka 1994, zina thamani ya pekee. Nakala hafifu za picha za aina hiyo huzunguka mtandaoni bila malipo. Zinawafikia Wakongo waliotawanyika duniani, lakini pia zinapunguza hamu ya mnunuzi na haziwapatii warithi chochote. Rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mnamo Desemba 2021. Heshima hiyo imeipandisha hadhi, ingawa haiji na fedha za kuokoa kanda.

Kwa hifadhi zenye bajeti ndogo, mifano hii inashauri kutenganisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kuokoa: kuorodhesha kilichopo, kukihamishia katika dijitali, na kuandika majina ya waimbaji, wapigaji na mahali. Kazi hii haiwezi kusubiri faida, kwa sababu kanda haisubiri. Ya pili ni kutoa: ukarabati wa hali ya juu, makubaliano ya haki na usambazaji. Hii yafaa kufanywa kwa picha chache zenye hadithi inayoweza kumvutia hata asiyejua nyimbo, kama ilivyokuwa pambano la Ali kwa Kinshasa, na baada ya wanamuziki au warithi wao kutia saini.

Kwa hesabu ya biashara peke yake, kanda nyingi hazitalipa. Kanda moja kati ya nyingi inaweza kulipa vizuri, lakini hakuna awezaye kuijua kabla ya zote kuorodheshwa. Hal Tulchin alikuwa na kanda na hakuwa na mnunuzi kwa karibu miaka 50. Lau angezitupa, Summer of Soul isingekuwapo. Fundi anayejua kuitumia mashine ya zamani, mpiga gitaa anayekumbuka nani alikuwa jukwaani na jamaa mwenye nakala ya mkataba, wote wanazeeka pamoja na kanda zenyewe.