Pete ya akiba

Pete ya akiba ni mpangilio wa mtandao ambamo swichi huunganishwa kwa duara, ili kebo ikikatika data ipite upande wa pili. Katika viwanda hutumika itifaki ya MRP, ya kiwango cha IEC 62439-2. Swichi moja, msimamizi, hufunga mlango wake mmoja, maana duara lisilozibwa popote huzungusha ujumbe bila kikomo. Msimamizi hutuma fremu za majaribio kuizunguka pete. Zisiporudi, huufungua mlango huo ndani ya nusu sekunde au chini yake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania nao una pete. Pete huvumilia mkato mmoja tu. Wa pili huigawa vipande viwili.