Askari Aliyerudi Kuutumikia Mji

Katika mji wa Newmarket, jimbo la New Hampshire, Marekani, liko kaburi la Wentworth Cheswell, aliyefariki mwaka 1817. Babu yake alikuwa mtumwa aliyepata uhuru. Yeye mwenyewe alichaguliwa konstebo wa mji mwaka 1768. Mwaka 1777, katika vita vya kuuondoa utawala wa Uingereza, alikwenda Saratoga na kikosi cha wapanda farasi. Utumishi huo wa vita ulikuwa mfupi. Lakini kazi za mji, kuamua mashauri na kutunza kumbukumbu, alizishika mpaka uzeeni. Basi tusimamapo penye kaburi la askari, tusiikumbuke bunduki peke yake. Tuulize: aliporudi, majirani walimtegemea? Na sisi je, wetu wanatutegemea?