Uhunzi mkoani Njombe

Uhunzi ni kazi ya kutengeneza vitu vya chuma kwa kukichoma chuma hadi kilainike, kisha kukifua kwa nyundo. Anayeifanya huitwa mhunzi. Katika Mkoa wa Njombe, kusini mwa Tanzania, kazi hii ni ya tangu zamani, na wahunzi huwahudumia wakulima kwa majembe, mashoka, miundu na visu.

Historia

Wakinga wa Makete na Wapangwa wa Ludewa walijulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, kwa kutumia mkaa na mivukuto. Majembe yao yalifika kwa makabila jirani. Wakati wa ukoloni majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliingia, na uyeyushaji ukafifia. Mawe yenyewe hayajaisha: Liganga, wilayani Ludewa, kuna hazina kubwa ya madini ya chuma. Hata hivyo, mhunzi wa leo hayeyushi mawe, bali hufua chuma chakavu.

Vifaa

Anayeanza anahitaji vifaa vichache: tanuri, kifaa cha kupuliza hewa, fuawe, nyundo, koleo lenye mikono mirefu, tindo, tupa na ndoo ya maji. Tanuri laweza kuwa shimo lililokandikwa udongo au ringi ya gari yenye bomba la hewa chini yake. Badala ya mvukuto wa ngozi, wengi hutumia feni inayozungushwa kwa mkono kwa msaada wa gurudumu la baiskeli na mkanda. Fuawe yaweza kuwa kipande chochote kizito cha chuma kilichokazwa juu ya gogo. Mkaa wa miti migumu hufaa zaidi. Njombe hupatikana pia mkaa wa miwati, mti unaolimwa kwa wingi mkoani.

Kupata na kutambua chuma

Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya na ile ya Songea, na ina stesheni ya TAZARA. Kwa sababu ya malori mengi, gereji na wauza vyuma chakavu huwa na springi zilizovunjika, ambazo ni mali ghafi bora. Reli na vifungo vyake ni mali ya shirika la reli. Anayevinunua kwa mtu wa njiani aweza kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Ni salama kudai risiti.

Si kila chuma hufaa kwa makali. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, hivyo haiwi ngumu hata ikichovywa majini. Hufaa kwa bawaba na vishikio. Springi ina kaboni ya kutosha. Ili kupima, kipande huchomwa hadi kiwe chekundu na sumaku isikivute tena (karibu nyuzi 770 za Selsiasi), kisha huzamishwa. Tupa ikiteleza juu yake bila kukwangua, chuma hicho hushika makali. Springi huzamishwa kwenye mafuta, kwa kuwa maji huweza kuipasua. Baadaye hupashwa moto tena polepole hadi rangi ya kahawia au buluu ionekane. Bila hatua hii kifaa huvunjika kikigonga jiwe.

Usalama

Njombe ni nchi ya baridi, hasa Juni na Julai, na kuna kishawishi cha kufunga milango. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, ambayo huua. Kwa hiyo tanuri huwekwa kwenye banda lililo wazi. Mabati na vyuma vilivyopakwa zinki havichomwi, maana moshi wake ni sumu. Miwani, viatu vya ngozi na nguo za pamba ni vya lazima. Nguo za nailoni huyeyukia mwilini.

Mafunzo

Wengi hujifunza kwa kukaa na mhunzi mzoefu, wakianza na kupuliza moto. VETA hufundisha ufundi wa vyuma, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, huwasaidia wenye viwanda vidogo.