Flipflopi: Historia Fupi ya Jahazi la Plastiki na Watu Wake

Wengi wanapoisimulia Flipflopi huanzia siku jahazi la rangirangi liliposhushwa majini. Sisi tuliokaa karibu nalo tunaanzia nyuma zaidi, kwenye fuo za Lamu zinazotazama bahari kuu: Shela, Manda, Kiwayu, mpaka Kiunga. Huko pepo na mikondo huleta takataka msimu baada ya msimu. Utakuta chupa zenye maandishi ya lugha asizozisoma mwenyeji yeyote, nyavu zilizokatika, vifuniko, madumu yaliyopasuka, na ndara. Ndara hazina hesabu, na mara nyingi ni za mguu mmoja.

Mwaka 1997 Julie Church, aliyekuwa kwenye kazi ya uhifadhi wa bahari eneo la Kiunga, aliwaona watoto wa Kiwayu wakijitengenezea vichezeo kutokana na ndara zilizookotwa. Hapo ndipo kazi ya Ocean Sole ilipopata mbegu, na mpaka leo mafundi wake hugeuza ndara kuwa sanamu za twiga na ndovu. Hiyo ni historia ya wenzetu, lakini ina udugu na yetu na haifai kurukwa.

Yetu ilianza mwaka 2016. Ben Morison, mtu wa shughuli za utalii, aliumizwa na alichokiona kwenye fuo za pwani ya Kenya, akaja na wazo ambalo mwanzoni lilionekana la mtu aliyepigwa na jua: kujenga jahazi zima kwa plastiki iliyotupwa. Alitaka jahazi la kweli, lenye mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake) na tanga, la kupakia watu na kuvuka bahari. Dipesh Pabari, Mkenya mwenye moyo wa kazi za jamii, alilishika wazo hilo na kulibeba miaka yote iliyofuata. Mchango wake haujasemwa vya kutosha, na nafasi hapa ni ndogo, lakini jina lake na liandikwe kwa wino mzito.

Ila wote wawili walijua kwamba bila fundi hakuna jahazi. Wakamwendea Ali Skanda.

Asiyeijua Lamu hawezi kupima uzito wa hatua hiyo. Hapa uundaji wa vyombo una heshima yake. Kijiji cha Matondoni kimejulikana kwa vizazi kwa kazi hiyo, na fundi wa jahazi husimama mbele ya watu kama mwalimu. Ali Skanda ni mchonga milango na muundaji wa vyombo; mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa mafundi wa Kenya walioalikwa kwenye tamasha la utamaduni la Smithsonian huko Washington. Mtu wa jina kama hilo alikuwa na kila sababu ya kukataa kulichezea kwa takataka. Hakukataa, na hilo pekee lilifundisha mji kuliko mabango elfu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, na tunapenda kuieleza kwa sababu vijana wa leo huona chombo kilichokamilika na kudhani kiliota. Fundi wa Lamu akitaka taruma hutafuta mti uliojipinda wenyewe, ili nyuzi za mti zifuate umbo la chombo. Plastiki haina nyuzi. Jua likiipiga hutanuka, ikibebeshwa uzito hulegea, na msumeno ukienda kasi huyeyuka na kuung'ang'ania. Plastiki pia si moja: ya madumu ina tabia yake, ya mifuko ina yake, na ukizichanganya ovyo hupati ubao, unapata donge. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuchambua. Plastiki ikaokotwa kwenye fuo na mitaani, ikachambuliwa, ikasagwa, ikayeyushwa na kumiminwa ikawa mkuku, mataruma na mbao. Kisha mafundi wakazichonga kwa namna ile ile waliyozoea kuchonga mti. Fundi wa hapa hutegemea jicho kuliko mchoro, na jicho hilo sasa lilibidi lijifunze upya kwenye kitu ambacho babu zake hawakukijua. Palikuwa na vipande vilivyokataa, na siku za kuanza tena. Waliovumilia wanajijua, na tunawashukuru.

Tarehe 15 Septemba 2018, Siku ya Usafi Duniani, jahazi lilishushwa majini Lamu. Lilikuwa na urefu wa mita 9, na ubavu wake umevikwa ndara zipatazo 30,000 zilizokatwa na kuunganishwa, nyekundu, samawati, manjano na kijani. Likaitwa Flipflopi Ndogo, kwa kuwa tangu mwanzo nia ilikuwa kuja kujenga kubwa. Likaelea. Wazee waliozoea kukagua chombo kwa kimya walilizunguka, wakaligonga kwa kidole, wakaulizana maswali ya kifundi. Kwetu sisi kuulizwa maswali ya kifundi kulikuwa ni kupasi mtihani.

Januari 2019 likang'oa nanga kuelekea Zanzibar kwa ushirikiano na kampeni ya Bahari Safi ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Msimu ulikuwa wa kaskazi, upepo ule ule ulioyasukuma majahazi ya biashara kwenda kusini kwa karne nyingi. Safari ilikuwa ya kilomita zipatazo 500, kutoka mji wa mawe mmoja hadi mwingine. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ule wa Lamu mwaka 2001. Njiani jahazi lilipita Malindi, Watamu, Kilifi na Mombasa, na kila liliposimama kazi ilikuwa moja: kusafisha ufuko, kuzungumza na wanafunzi, na kukaa na viongozi na wenye hoteli juu ya chupa na mirija ya kutumika mara moja. Februari likafika Unguja.

Hapa niseme ninavyoona. Elimu ya mazingira shuleni ilikuwa imezoea kumkemea mtoto: usitupe, usichome, usichafue. Mtoto huitikia na kusahau. Mbele ya jahazi hili aliweza kugusa ubao na kutambua ndani yake rangi ya dumu la kwao. Aliona kwamba kitu kinachoitwa taka kina bei, kina kazi, na kinaweza kumpa baharia mahali pa kukanyaga. Swali lake halikuwa tena kwa nini nisitupe. Aliuliza, hiki nacho kinaweza kuwa nini? Ndipo mazungumzo yalipoweza kwenda kwenye jambo zito zaidi, kwamba zipo plastiki ambazo hazina la kuwa, na hizo dawa yake ni kutozitengeneza kabisa.

Mwaka 2020 ulikuja na korona. Lamu, mji unaotegemea wageni, ulinyamaza, na shughuli zetu zilipata mitihani ambayo hatuna haja ya kuifukua yote hapa. Itoshe kusema mlango haukufungwa.

Machi 2021 jahazi, likiwa limebebwa kwa nchi kavu kutoka pwani, lilikuwa Kisumu, kwenye maji matamu, tayari kwa safari ya Ziwa Victoria iliyogusa Kenya, Uganda na Tanzania. Ziwa lilitupa somo ambalo bahari ilikuwa imetuficha. Pwani ni rahisi kuulaumu mkondo na nchi za mbali. Ziwani taka hutoka kwenye mito na mitaro ya miji yetu wenyewe, na samaki anayezila ni wetu. Kutoka hapo sauti ya kutaka sheria moja ya plastiki za kutumika mara moja kwa Jumuiya yote ya Afrika Mashariki ikapata nguvu.

Miaka iliyofuata naitaja kwa haraka. Kituo cha kupokea na kuchakata plastiki Lamu, ambako mwenyeji huuza alichookota. Samani za plastiki iliyorejelewa. Mafunzo ya uundaji wa vyombo kwa vijana, ili ufundi usikatike. Masomo ya shuleni. Utafiti wa nguvu za plastiki hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Northumbria cha Uingereza. Kando yetu, na mengine yakiwa yametangulia: marufuku ya mifuko ya plastiki nchini Kenya tangu Agosti 2017, Tanzania tangu Juni 2019, marufuku ya plastiki za kutumika mara moja kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, na azimio la Nairobi la Machi 2022 la kuanza kuandaa mkataba wa dunia kuhusu plastiki.

Shukrani ziwaendee kina mama wanaochambua plastiki kwa mikono, wenye punda wanaoibeba kwenye vichochoro visivyopitisha gari, walimu waliotupatia vipindi vyao, mabaharia na mafundi wote. Nia ya kujenga Flipflopi Kubwa ilibaki hai miaka hiyo yote.