Kinga ya Mwanadiplomasia na Ajali ya Washington ya 1997

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 uliiweka katika maandishi desturi ya kale ya kutomdhuru mjumbe, ambapo Ibara ya 31 inampa mwanadiplomasia kinga, yaani haki ya kutoshtakiwa kwa jinai katika nchi inayompokea, ingawa Ibara ya 41 inamtaka aziheshimu sheria za nchi hiyo. Kinga hiyo, na hili husahaulika mara nyingi, ni mali ya dola iliyomtuma wala si yake binafsi. Kwa hiyo Ibara ya 32 inairuhusu dola hiyo kuiondoa, mradi itamke hivyo waziwazi.

Utaratibu huo ulijaribiwa mjini Washington mwezi Januari 1997, wakati ofisa wa pili kwa cheo katika ubalozi wa Georgia, nchi ya Kaukasi iliyokuwa imejipatia uhuru miaka michache tu kabla, alipoendesha gari akiwa amelewa na kusababisha mgongano wa magari kadhaa uliomuua msichana wa miaka 16. Rais Eduard Shevardnadze, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Muungano wa Kisovieti na hivyo kuijua vyema thamani ya kinga, aliiondoa, nao ulikuwa uamuzi adimu na wa haki, kwa kuwa mara nyingi dola humrudisha mtumishi wake nyumbani na kuwaacha wafiwa bila kesi. Mshtakiwa alikiri kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha kati ya miaka 7 na 21, na mwaka 2000 akahamishiwa Georgia, ambako aliachiliwa miaka miwili baadaye.