Boda Ilizaliwa Mpakani, Lakini Trela Ndiyo Inavuka Vizuri

Pikipiki ina njia mbili za kutoka Kenya kuingia Uganda kihalali. Ya kwanza, inapakiwa kwenye kreti, inapangwa ndani ya kontena na wenzake kibao, kontena inapandishwa kwenye trela pale Mombasa, na baada ya siku chache hiyo trela inapita Malaba au Busia. Ya pili, msee anapiga kiki, anapanda, anaiendesha hadi getini. Pikipiki ni ileile, na pengine zote mbili zimetoka kiwanda kimoja kule India. Lakini ile ya kwenye trela inavuka kwa heshima zake, na ile yenye mtu juu inahojiwa kama mshukiwa.

Watu wengi wakiona hivyo wanasema ni mambo ya forodha tu, sheria ni sheria. Mimi nasema tuangalie historia kwanza, juu huu mpaka umekuwa ukifunguliwa kwa mizigo kabla ya watu tangu siku uliyochorwa. Na cha kushangaza ni kwamba waliotupa neno “boda” ni walewale ambao mpaka haukuwafikiria.

Tuanze na mstari wenyewe. Kabla ya 1902, mpaka haukuwa Busia wala Malaba. Kwenye ramani za Waingereza, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda. Nandi ilikuwa Uganda. Kisha Aprili 1902 wakauhamisha huo mkoa, wakauweka upande wa Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Sababu moja kubwa ilikuwa reli. Ilikuwa imefika ziwani mwisho wa 1901, na ilikuwa rahisi kwao kuwa na reli nzima, kutoka Mombasa hadi Kisumu, chini ya serikali moja.

Soma hiyo tena polepole. Mstari unaotenganisha Kenya na Uganda ulisukumwa mamia ya kilomita kwa sababu ya usafirishaji. Wateso na Wasamia, ambao mpaka leo wana shangazi upande huu na wajomba upande ule, hakuna aliyewaita kwa mkutano.

Uganda ikapata uhuru 1962, Kenya 1963, na mstari ukabaki palepale. Sasa kukawa na geti letu na geti lao, na katikati kipande cha barabara ambacho si cha mtu. Basi la Kenya linakushusha upande huu. Gari la Uganda linakungoja upande ule. Gari kuvuka lilihitaji karatasi, na karatasi zilihitaji muda na pesa. Kwa hivyo abiria alishuka na mizigo yake, jua la Busia likimchoma kichwani, akaanza kutembea.

Hapo ndipo vijana wa baiskeli wakaona kazi. Simulizi inayokubalika na wengi inaanzia Busia, miaka ya 1960. Waliweka kiti cha sponji juu ya keria, wakasimama karibu na geti, wakawa wanaitia wateja: “Boda! Boda!” Kutoka boda hii hadi boda ile. Jina likashika. Leo ukiwa Kampala, Kisumu, Dodoma au Juba, ukisema unataka boda unaeleweka. Hilo neno limezunguka ukanda huu wote bila kugongewa muhuri hata mmoja.

Lakini msidhani lilikuwa jambo la furaha tu. Idi Amin alichukua nchi Januari 1971. Mwaka uliofuata akawafukuza Waasia, na biashara nyingi zikaanguka mikononi mwa watu ambao hawakujua kuziendesha. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, chumvi ikapotea. Waganda walio karibu na mpaka wakaanza kutafuta vitu hivyo Kenya, na huku Kenya kukawa na watu waliotaka kahawa yao. Uchumi mzima ukapewa jina la Kiswahili: magendo. Julai 1975 baridi kali iliharibu mashamba ya kahawa Brazil, bei ikapanda duniani, na kahawa ya Uganda ikaanza kumiminika kupitia njia za Mlima Elgon hadi soko la Chepkube, Bungoma. Ilibebwa kichwani, kwa punda na kwa baiskeli. Wazee wa Bungoma bado wanasimulia nani alijenga nyumba gani kwa pesa ya Chepkube.

Adhabu haikuwa mchezo. Mwaka huohuo wa 1975 Amin alitoa amri ya kuunda mahakama ya makosa ya kiuchumi, na mtu wa magendo aliweza kuhukumiwa kupigwa risasi. Kijana wa baiskeli alikuwa anahatarisha maisha yake kwa mfuko wa kahawa.

Februari 1976 Amin akafanya kitu kingine. Akafufua ile ramani ya kabla ya 1902 na kudai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Wakenya waliwaka. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Hapo kila mtu akaona ukweli ulipo: Uganda haina bahari, na anayeshika barabara ya Mombasa anashika koo lake. Mwaka mmoja baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967 ikavunjika kabisa.

Nawaeleza haya yote kwa sababu moja. Kila mara serikali zetu zinapogombana, mazungumzo yanayofuata huwa ya mizigo. Inaeleweka, mizigo ni pesa kubwa. Shida ni kwamba msee wa baiskeli hayuko kwenye hayo mazungumzo, ilhali yeye ndiye aliyeushikilia mpaka usife wakati makubwa yalikuwa yamekwama.

Sasa tuje kwa pikipiki. Kampala ilitangulia Nairobi kwa hili. Boda za injini zilianza kuonekana kule miaka ya 1990. Kwetu mambo yalibadilika kabisa 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi sisi 250. Boxer na TVS zikajaa kila steji. Baiskeli zikasukumwa pembeni, na kijana ambaye hangeweza kununua probox akaweza kulipia pikipiki kidogo kidogo.

Na pikipiki zinazoenda Uganda zinapita hapahapa kwetu. Nyingi hufika Mombasa kwa meli zikiwa vipande ndani ya kreti. Usukani kando, magurudumu kando, zitaungwa zikifika. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900 za barabara. Kipindi cha nyuma hiyo safari ilikuwa balaa: foleni ya trela Malaba ilikuwa inavuta kilomita nyingi, madereva wanalala chini ya gari, wanapika chai kando ya barabara.

Lakini mizigo ilipata watetezi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005. Mwaka 2014 likaja eneo moja la forodha: ushuru wa Uganda unalipwa Uganda mzigo ukiwa bado Mombasa. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kufuatilia mizigo kwa pamoja kwa sili ya kielektroniki. Trela ikichepuka njia, kuna mtu ofisini anaona kwenye skrini. Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Sasa gari linasimama mara moja tu, upande linakoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja.

Hiyo ni kazi nzuri, siwezi kuidharau. Lakini angalia kilichotokea kwa ile pikipiki yenye mtu juu.

Mtu mwenyewe alirahisishiwa. Tangu 2014, Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho tu, hata pasipoti si lazima. Shida ni chuma alichokalia. Chuma kinataka logbook. Kinataka kibali cha muda cha kuingia, chenye siku za kuhesabu. Kinataka bima inayotambulika upande wa pili, ile watu wanaita yellow card, ya COMESA. Na logbook iwe na jina lako, au uwe na barua ya mwenyewe.

Sasa niambie, ni boda wangapi unaojua wana logbook yao mkononi? Wengi wamechukua pikipiki kwa mkopo. Unalipa kila siku, mwaka, mwaka na nusu, na hadi umalize, logbook inakaa kwa aliyekukopesha. Yaani msee anaamka saa kumi na moja, anabeba watu, anajaza mafuta, anabadilisha oili, lakini karatasini hiyo pikipiki bado si yake kamili. Akifika getini hana cha kuonyesha. Ile iliyo kwenye kontena, ambayo haijawahi kubeba hata mtu mmoja, ina ejenti, ina dhamana, ina namba ya sili, ina watu wa nchi tatu wanaoichunga.

Na ukisema utaipakia kwenye pikapu au trela ndogo uivushe kama mzigo, maswali yanageuka tu. Inarudi? Unaenda kuiuza? Risiti iko wapi? Sheria za biashara ndogo za mpakani, zile zinazomsaidia mama wa nyanya na mama wa mayai, zimetengenezewa bidhaa zilizozalishwa hapa Afrika Mashariki. Pikipiki iliyotoka India haimo. Kwa hivyo ukiwa na pikipiki kumi elfu mfumo unakujua, ukiwa na moja unajitafutia.

Corona ilituonyesha hili waziwazi. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa wasafiri, lakini malori ya mizigo yakaruhusiwa kuendelea, madereva wakipimwa. Kiafya ilikuwa na maana, chakula na dawa lazima zifike. Lakini fikiria picha hiyo. Pikipiki mia ndani ya kontena zinapita Malaba, na kijana wa Busia mwenye pikipiki moja, ambaye mteja wake na mama yake wako mita mia tano ng’ambo, haruhusiwi kusogea. Wengi wakarudi kwa njia za panya, zilezile za wazee wa magendo.

Najua kuna mtu ananiambia: pikipiki zinaibwa Kenya, zinavushwa usiku, zinauzwa ng’ambo, kwa hivyo lazima zikaguliwe. Kweli kabisa. Kuibiwa boda ni kuibiwa kazi, na mkopo bado unaendelea kudaiwa. Mimi nataka ukaguzi uwepo. Lakini kila pikipiki ina namba ya chesisi. Kama tunaweza kufuatilia kontena kilomita 900 kwa sili, hatuwezi kushindwa kuangalia namba moja ya chesisi kwenye kompyuta za nchi mbili zilizo chini ya paa moja. Ukaguzi wa hivyo ungemkamata mwizi na kumwachilia mwenye kazi. Wa sasa mara nyingi unafanya kinyume: mwizi hapiti getini kabisa, anayepita getini ndiye anayesumbuliwa.

Ninachoomba ni vitu vitatu. Dirisha la vyombo vidogo kwenye kila kituo cha pamoja, ili msee wa boda asipange foleni moja na ejenti wa trela. Bango la karatasi zinazotakiwa na pesa zinazolipwa, kwa Kiswahili, mahali watu wanaliona kabla ya kufika dirishani, juu ada isiyoandikwa popote ndiyo inageuka kitu kidogo. Na nakala ya logbook iliyogongwa muhuri wa mkopeshaji ikubalike, kwa safari fupi, kwa mtu anayeonyesha kwamba analipa mkopo wake. Hakuna hata kimoja kinachohitaji marais wawili kuja kukata utepe.

Kama wewe ni boda wa Busia, Malaba, Lwakhakha au hata Namanga, piga picha karatasi zote ulizoambiwa ulete mara ya mwisho ulipovuka, na kiasi ulicholipa kwa kila moja. Ziweke pamoja na za wenzako wa steji. Wenye trela walipata hizo sheria nzuri kwa kufika kwenye mikutano wakiwa na hesabu. Tufike na zetu.