Mmechelewa Kurudi

Niliingia Melaka peke yangu, mkoba mgongoni, baada ya saa mbili hivi za basi kutoka Kuala Lumpur. Joto lilikuwa lile lile la Mombasa mwezi wa Februari. Kando ya mto, mama mmoja muuza madafu akaniambia, "Apa khabar?" Masikio yangu yakanasa habari tu. Nikajibu "Nzuri!" kabla hata sijafikiria. Kumbe nilikuwa nimepatia.

Akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Kenya. Akashangaa: hakuwa amewahi kumuuzia Mkenya. Nikaondoka nikijiona Christopher Columbus, bana.

Lango la Santiago ndilo lililobaki la ngome ya Wareno. Afonso de Albuquerque aliuteka mji mwaka 1511 akajenga ngome, mawe mengine yakitolewa misikitini na kwenye makaburi ya wafalme. Waholanzi waliichukua 1641. Waingereza wakaja kuibomoa 1807. Mimi nimekulia karibu na Fort Jesus, kwa hivyo ule unene wa ukuta naujua hata nikifumba macho. Nikajiambia, haya, hiki ndicho kinachotuunganisha na watu hawa: Mreno alitupiga sote. Si hivyo ndivyo tulifunzwa shule? Vasco da Gama anafika 1498, ndipo na sisi tunaanza kuwa na historia.

Nikaketi kivulini, nikafungua simu kusoma kuhusu Tomé Pires, mfamasia Mreno aliyeishi hapa kuanzia 1512 hadi 1515. Aliorodhesha wafanyabiashara waliokuwa wakifika bandarini: wa Cairo, wa Makka, wa Aden, Wagujarati, Wachina. Na humo humo, watu wa Kilwa na wa Malindi.

Nilisoma mara tatu. Wafanyabiashara! Si mateka, si mapagazi wa mtu.

Na hawakupita tu. Bandari hii iliendeshwa na pepo za msimu, zile zile tunazoziita kaskazi na kusi. Upepo ukikuleta, unangoja ugeuke ndio urudi, na hiyo ni miezi. Kwa hivyo mtu wa Malindi alihitaji mahali pa kulala, wa kumkopesha, pengine wa kumpenda. Wageni walisimamiwa na maofisa wanne, kila mmoja akiitwa shahbandar. Bandar ni neno la Kiajemi, na ndilo bandari yetu. Nilikuwa nimelitamka maisha yangu yote pale Kilindini bila kujua limetembea kunishinda.

Jioni nilirudi kwa yule mama nikamwambia mimi si wa kwanza. Wenzangu walifika miaka mia tano iliyopita. Nikamwonyesha simu. Akatazama majina, akanitazama uso.

"Basi mmechelewa kurudi," akasema, akanikatia dafu.

Bei ikabaki ile ile ya watalii.